Kiraka kipya, injini kuukuu



Huenda unasoma ukurasa huu ukisubiri Misa ya pili, au umerudi kutoka ibadani na chai iko mezani. Leo nakupeleka mahali ambapo sisi mapadre hatupaandikii mara nyingi: gereji. Nitakueleza habari za bomba la moshi la gari, nawe nakuomba univumilie, maana jambo lenyewe lilianzia kwenye bomba la moshi na halikuishia hapo.

Parokia yetu, hapa Tabora, ina pikapu ya zamani ya petroli, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Gari hilo lina umri mkubwa kuliko upadre wangu. Limebeba mahindi ya zaka, mabati, kwaya, wagonjwa, majeneza, na siku moja fahali aliyekataa kulala kutoka mnadani hadi nyumbani. Vigango vyetu vya mbali, huko kusini upande wa Sikonge kwenye misitu ya miombo, vinalijua kwa mlio. Watoto husema "Baba anakuja" kabla vumbi halijaonekana.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, likaanza mlio mwingine. Asubuhi nikiliwasha linagonga tik-tik-tik kama cherehani, na baada ya dakika tano mlio unapotea. Nilifurahi kila mlio ulipopotea. Kama nawe una gari la namna hiyo, usifurahi. Chuma kikipata moto hutanuka kikauziba ufa. Kikipoa, ufa unafunguka. Kila asubuhi unafunguka kidogo zaidi ya jana.

Mwezi uliofuata niliwarudisha akina mama wa WAWATA kutoka msibani. Wawili walikaa mbele pamoja nami, vioo tumevifunga kwa sababu ya vumbi. Tulipofika mmoja alikuwa anaumwa kichwa vibaya, mwingine akatapika. Nikasema ni jua. Usiku mimi mwenyewe nikaumwa kichwa, na usiku hakuna jua.

Nikalipeleka gari kwa mzee mmoja ninayemwamini, fundi wa miaka mingi, Mwislamu mcha Mungu, ambaye gereji yake ni mwembe mkubwa na kibanda cha bati. Hakufungua kitu. Alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni, nyingine akaitembeza polepole kwenye manifoldi wakati injini bado baridi. Manifoldi, kwa msomaji asiyeijua, ni kile chuma kizito kilichoshikamana na ubavu wa injini, kinachopokea moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye bomba moja linalotokea nyuma. Alipofika kati ya silinda ya tatu na ya nne akanipa ule mpira. Ilikuwa kama mtu ananipulizia sikioni.

"Padri, ufa huo," akasema. "Na moshi wake unaingia kwako kupitia matundu ya pedali."

Mimi nimesoma seminari, sikusoma ufundi, ila kemia ya shule naikumbuka kidogo. Petroli ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ule moshi unaounusa ni wenzake tu. Inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anapata kichefuchefu, anasinzia, na akiendelea kuivuta huenda asiamke. Wale akina mama ningeweza kuwazika. Ndugu msomaji, kama gari lako linawaumiza watu vichwa, funga gazeti hili sasa hivi ukalikague, mengine utayasoma jioni.

Basi mzee akanieleza dawa. Aifungue manifoldi, aipashe moto kwenye mkaa mpaka ikaribie kuwa nyekundu, aichomelee kwa fimbo za nikeli, kisha aifukie kwenye majivu ipoe usiku kucha. Chuma cha kusubu kikipoa ghafla, alisema, hupasuka tena pembeni ya pale ulipoziba. Halafu ipelekwe kwenye mashine, uso wake unyooshwe. Siku nne, tano.

Nilikuwa na picha kwenye simu. Kijana mmoja muuza vipuri wa Dar es Salaam alikuwa amenitumia: mabomba sita yanayong'aa kama kalisi mpya, kila silinda na bomba lake, yamepinda vizuri na kukutana chini kwenye mdomo mmoja. Aliyaita hedasi. Faida yake ni ya kweli, sitaki kumsingizia mtu. Katika manifoldi ya zamani silinda sita hupumulia ndani ya chumba kimoja kifupi, pumzi ya mmoja ikamkwaza mwenzake. Katika mabomba haya kila mmoja ana njia yake ndefu, moshi unatoka upesi, injini inapata nguvu kidogo zaidi. Muuzaji alisema inakaa yenyewe, tundu kwa tundu, siku moja kazi imekwisha.

Nikafikiria mchanga wa barabara zetu na mizigo ya mahindi. Na lilikuwepo pia suala la mlio. Nina miaka hamsini na kadhaa, nimetoa semina za kiasi na unyenyekevu, na ile video ya mlio wa hedasi niliisikiliza mara tatu.

Fedha zilitoka kwenye mauzo ya mahindi ya zaka. Kamati ya fedha iliniuliza swali moja tu. Niliwajibu kwa namna ambayo hawakuuliza la pili.

Mzee aliitazama picha, akanirudishia simu. "Chuma nacho kina mazoea yake, Padri," akasema. Nilidhani ananionea wivu wa kitu kipya.

Mzigo ulichukua siku kumi na moja kufika kwa basi. Kisha kazi ya siku moja ikaanza.

Kwanza kufungua. Manifoldi inashikwa na stadi, vile vipande vya nondo vyenye hesi pande zote mbili: upande mmoja umezama kwenye injini, upande wa pili unapokea nati. Miaka yote ya moto na baridi ilikuwa imeunganisha nati na stadi vikawa kitu kimoja. Mzee alikuwa na saidia fundi wake, kijana wa kama miaka ishirini, mpole, mzaliwa wa moja ya vigango vyangu. Kijana huyo alizilowesha nati kwa mafuta ya kulegeza kutu jioni tatu mfululizo kabla ya kugusa spana. Nilimwona mvivu. Zote zikafunguka, hakuna hata moja iliyokatika.

Tulipoiweka ile hedasi, matundu yakalingana kweli. Lakini kwenye injini yetu manifoldi ya moshi na ile ya kuingizia hewa zinakaa ubavu mmoja, zimepakana, na baadhi ya nati zinazibana zote mbili kwa washa moja nene. Flanji ya hedasi ilikuwa nyembamba kuliko ya jirani yake kwa milimita chache. Washa ikakaa upande, ikabana moja na kuiacha nyingine inapumua. Kijana akachonga washa za ngazi kwa msumeno na tupa, moja baada ya nyingine. Siku mbili.

Halafu staringi. Mabomba yale yalichorwa kwa ajili ya nchi ambazo dereva anakaa kushoto. Sisi tunakaa kulia, na bomba la silinda ya tano lilitaka kupita palepale panapopita shafti ya staringi. Gari lingekwenda mbele, ila kona lisingekata. Mzee alicheka mpaka akavua baraghashia. Ikabidi bomba likatwe na kuchomelewa upya kwa mpindo mwingine. Bomba jipya, la fedha ya zaka, likakatwa kabla halijaonja moshi.

Halafu spana zenyewe. Nati za katikati zilijificha nyuma ya mabomba. Spana ikiingia haigeuki, ikigeuka haishiki. Kijana alichukua spana namba 14, akaikata mpini, akainoa ubavu kwa grainda mpaka ikawa nyembamba kama kijiko. Hata hivyo ilizunguka kidogo mno: geuza, toa, pindua, rudisha, geuza. Nati moja ilimla dakika arobaini. Ukimaliza kukaza ya mwisho unakuta ya kwanza imelegea, kwa sababu flanji imejipinda kidogo. Anayefanya kazi hii siku zote namwombea.

Nilikuwa nakwenda pale kila siku baada ya Misa ya asubuhi, nakaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, chini ya mwembe. Ukikaa chini ya mwembe Tabora ni vigumu usifikirie misafara. Huu ni mji uliolelewa na njia kutoka Bagamoyo. Hapa zilipita shanga, nguo na bunduki kwenda bara, hapa zilipita pembe kwenda pwani, na watu waliofungwa kamba shingoni, Mungu atusamehe. Na waliobeba, wengi wao walikuwa Wanyamwezi wa nchi hii, mzigo wa kama frasila mbili kila mtu, karibu kilo 30, kwa miezi mitatu hivi.

Nikakumbuka mashua ya Stanley. Mwaka 1874 alikuja na mashua iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande, iitwayo Lady Alice, ili wapagazi waibebe kutoka pwani, wapite Ugogo, kisha wakate kaskazini hadi Ziwa Victoria. Huko Uingereza kila kitu kilipimwa. Ilipofika Unguja vipande vikaonekana vizito mno kwa mabega ya watu, na vipana mno kwa vijia vyetu vya kupita mtu mmoja mmoja. Ilikuwa nusura iachwe. Akapatikana fundi wa meli palepale Unguja akavigawa upya, vikawa vyembamba vya kubebeka, na mashua ikafika ziwani ikaelea. Nilimsimulia mzee kisa hicho. Akauliza jambo moja: "Huyo fundi alianza kupima nini, mashua au njia?"

Sikumjibu. Nilikuwa natazama saa.

Wiki ya nne, siku ya Jumatano, ilibaki nati ya mwisho. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha usiku, na nilikuwa nimeahidi vigango vitatu kwamba Jumapili lazima nifike. Kijana akasema, "Baba, flanji bado haijalala vizuri. Tukilazimisha stadi itakatika. Nipe mpaka kesho niifungue niichonge tena." Nikamwambia kaza. Akasita. Nikashuka kwenye kiti changu, nikamnyang'anya spana, nikaikaza mwenyewe kwa mikono yote miwili.

Ukiwahi kukata stadi unaujua mlio wake. Hauwi mkubwa. Ni kama kijiti kikavu. Halafu spana inakuwa nyepesi ghafla mkononi, na unajua.

Imekatika ndani, sawasawa na uso wa injini, hakuna pa kuishika. Na mimi, mpendwa msomaji, nikamgeukia yule kijana. Mbele ya mzee wake, mbele ya madereva wawili na mama muuza vitumbua, nikamwambia kwamba shule ilimshinda na sasa ufundi nao unamshinda. Yapo na mengine niliyosema. Kijana akainamisha kichwa akasema, "Samahani, Baba." Spana ilikuwa bado mkononi mwangu.

Sasa lazima nikueleze jambo nililokuwa nimelificha hadi hapa, kama nilivyojificha mimi mwenyewe. Katika kigango kimojawapo cha mbali, zaidi ya kilomita sitini, alikuwapo katekista mzee. Zaidi ya miaka arobaini alifundisha katekisimu, akabatiza watoto waliokuwa katika hatari ya kufa, akaongoza ibada Jumapili ambazo padri hakufika, ambazo ndizo nyingi. Wiki tatu kabla nilikuwa nimeletewa habari kwamba anaumwa, mguu umevimba, kupumua kunamsumbua. Nikajibu, "Nikipata gari nitakuja nimlete hospitali." Wiki moja baadaye wakaniuliza tena, nikajibu vilevile. Nikipata gari. Sikusema nikipata hedasi, ila maana yake ilikuwa hiyo. Ile manifoldi ya zamani ingekuwa imeshachomelewa, imeshapoa kwenye majivu, na gari limeshakwenda na kurudi.

Alhamisi saa kumi jioni mwenyekiti wa kigango akapiga simu. Mzee amezidiwa, anaomba Mpako. Nikatafuta bodaboda, wawili wakakataa, mvua, giza, na njia ile wanaijua. Sijui nani alimwambia yule kijana. Nilipotoka getini na mkoba wa mafuta matakatifu alikuwa amesimama na pikipiki ya mzee wake, injini inaunguruma. "Shikamoo, Baba. Twende."

Hatukuzungumza. Alinipa koti lake la mvua. Nilikataa, akaliweka begani mwangu bila kuuliza mara ya pili. Sehemu ya mchanga tulikwenda vizuri, sehemu ya mfinyanzi tulishuka mara tano au sita tukasukuma. Mahali pamoja tulianguka wote wawili, polepole, kama watu wanaokaa chini. Saa tano usiku tukakaribia. Kabla sijaona taa nilisikia kilio.

Alikuwa amefariki saa moja jioni. Mpako ni sakramenti ya walio hai. Mtu akiwa ameshakufa kwa yakini, padri hana cha kumpaka. Nilisali sala za marehemu, tukasali Rozari na watu wake hadi usiku wa manane. Mjane wake akaniletea uji. Akaniambia, bila lawama yoyote, na hilo ndilo lililonikata, kwamba mchana marehemu aliuliza kama gari la Baba limetengemaa, na alipoambiwa bado, alisema basi msimsumbue.

Tulirudi alfajiri, nimeahidi kuja kuzika. Tulipofika upande wa Kwihara kijana akasimamisha pikipiki apumzike kidogo. Pale Kwihara Livingstone alikaa miezi mwaka 1872 akisubiri wapagazi na vifaa ambavyo Stanley angemtumia kutoka pwani. Walifika Agosti ndipo akaondoka. Yeye alikuwa na sababu. Nikawafikiria pia mapadre wa kwanza, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie. Waliondoka Bagamoyo Juni 1878, wakatembea kwa miezi hadi kuifikia Tabora, na mmoja wao, Padre Pascal, alifia njiani. Mimi, mrithi wao, nilishindwa kilomita sitini kwa sababu ya bomba la moshi.

Ijumaa nilifungua Maandiko nikitafuta jambo la mahubiri, nikaangukia mahali ninapopahubiri tangu nilipokuwa shemasi: kiraka cha nguo mpya kwenye vazi kuukuu, na divai mpya katika viriba vikuukuu. Marko sura ya pili. Miaka yote nimelihubiri fungu hilo kama sifa ya kila kipya: acheni ya zamani, pokeeni mapya. Ni kweli Bwana analeta upya, hilo sitalikana. Lakini safari hii nilisoma kama mtu mwenye mafuta ya gari kwenye kucha. Anachokieleza Marko ni kuraruka. Kiraka ambacho hakijafuliwa kitajikunja, kitalivuta vazi, na tundu litakuwa kubwa kuliko mwanzo. Anayesema hivyo amewahi kuona mtu akishona, labda mama yake. Hasemi vazi kuukuu litupwe. Analionea huruma.

Luka anaongeza jambo ambalo sikuwahi kulitilia maanani. Kwake kiraka kimekatwa kwenye vazi jipya. Kwa hiyo umeharibu mavazi mawili, na kiraka chenyewe hakilingani. Nilikumbuka lile bomba la silinda ya tano, limekatwa, na ile stadi, imekatika. Mathayo naye anamaliza habari ya divai kwa kusema kwamba divai mpya ikiwekwa katika viriba vipya, vyote viwili huhifadhika. Vyote viwili. Sijui nilikuwa naliruka vipi neno hilo.

Utaniambia, Baba, hilo ni gari tu. Ngoja nikuulize wewe. Umeleta nini nyumbani mwako mwaka huu kwa sababu kilikuwa kizuri kwenye picha, ukawataka watu wako wajipinde kukifuata? Shule ya mbali kwa mtoto ambaye hajapona msiba wa mama yake? Utaratibu mpya kwa wazazi waliozeeka, wa kula saa hii na kulala saa ile, uliousoma mahali? Sisi wa parokiani tuna yetu. Tunaleta mpango kutoka semina, umepigwa chapa vizuri, tunaubandika kwenye jumuiya ambayo wanawake wake wanatoka shambani saa kumi na mbili jioni, na isipokaa tunakaza. Halafu tunamlaumu aliyeshika tochi.

Marehemu katekista hakuwa na mpango hata mmoja uliopigwa chapa. Alikuwa anafika nyumba ya mtu, anakaa kwenye kigoda, anauliza habari za mifugo na za mizinga ya nyuki, na saa moja ikipita ndipo anafungua katekisimu. Mwaka juzi nilimwambia atumie muda vizuri zaidi. Alisema, "Sawa, Baba." Naikumbuka sauti yake kwa sababu nimeisikia tena Jumatano, kwa mdomo wa kijana mwingine.

Jumamosi asubuhi nilimaliza Misa nikaenda gereji kwa miguu. Bwana wetu anasema ukiwa na sadaka mkononi ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache kwanza mbele ya altare ukapatane naye. Kesho yake nilikuwa na Misa tatu. Nilitaka kumwita kijana pembeni, kwa heshima yangu. Lakini sikumtukana pembeni. Basi nikasimama palepale, mbele ya mzee na mama wa vitumbua na dereva mmoja kati ya wale wawili, nikasema kwamba stadi niliikata mimi, kwamba yeye alinionya, kwamba maneno yangu yalikuwa ya dhambi, na kwamba naomba msamaha. Nilitumia maneno machache kuliko haya. Kijana alitazama chini, akafuta mikono kwenye kitambaa kwa muda mrefu, akasema, "Yameisha, Baba." Halafu, kama mtu anayebadilisha mazungumzo kwa huruma, akauliza, "Una kipande cha mshumaa?"

Hedasi walikuwa wameshaiteremsha. Imelala chini ya mwembe hadi leo, na kuku wa mama wa vitumbua wanalala juu yake. Manifoldi ya zamani ilikuwa kwenye majivu tangu usiku. Mzee aliichomelea Ijumaa bila kuniuliza, na hakutaka malipo ya ziada. Iliyobaki ilikuwa ile stadi iliyokatika ndani.

Nikatuma mtoto sakristia akaleta kipande cha mshumaa wa altare kilichokuwa kimebaki kwenye boksi. Wataalamu wa liturujia watanisamehe. Kijana aliweka nati juu ya kile kisiki cha stadi, akaichomelea kwa ndani hadi vikashikana. Chuma kikiwa bado chekundu akagusisha mshumaa pembeni yake. Nta ikayeyuka, ikanyonywa kuingia kwenye hesi, kwenye nafasi ambayo mafuta yote ya kutu yalishindwa kuipata. Moshi mwembamba ukapanda, harufu ya kanisa ikajaa gereji ya Mwislamu, na mzee akatabasamu.

"Baba, shika wewe," kijana akasema, akanipa spana.

Nikamwambia hapana, shika wewe, mimi nitashika tochi. Akaweka spana, akaisukuma kidogo, kama upana wa ukucha. Akairudisha. Akaweka nta tena. Akasukuma upana wa kucha mbili, akairudisha. Sikutazama saa. Kengele ya Malaika wa Bwana ya mchana ilikuwa inalia mjini wakati stadi ilipotoka nzima, ina hesi zake zote, akaiweka kwenye kiganja changu ingali ya moto.